Mwanamke Aliyefichwa Ndani ya Gramafoni

Nikijilaza mchana, jua likiwa kali na kuku wamenyamaza, huwa naisikia sauti ya mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ni sauti nzito, inayovuta kila neno mpaka neno lenyewe linasahau lilikotoka. Wajukuu wangu hapa Tabora wakinikuta nimefumba macho na mguu unatikisika taratibu, huambiana kwamba bibi anaota. Siwabishii. Mengine pengine ni ndoto, lakini gramafoni ilikuwepo, na siku ya kuirudisha dukani nilikuwepo nami, nimeipakata santuri mapajani.

Nilizaliwa Ipole, kusini ya mji, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya mrina asali. Baba alikuwa na mizinga ya magome iliyotawanyika porini mahali ambapo yeye tu alipajua, na alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba nadhani nyuki walimsikia akizungumza mara nyingi kuliko sisi wanawe. Nyuma ya shamba letu ilipita njia ya zamani ya misafara. Wakati wangu hakuna aliyeitumia isipokuwa ng'ombe, nyasi zimekalia kingo zake, lakini katikati palikuwa bado peupe na pagumu kwa sababu ya miguu ya watu wa miaka mingi. Wazee wa kijiji waliiita "njia" tu. Barabara ya malori waliiita "ile ya malori", kwa sauti ya mtu anayemtaja mgeni ambaye hajaulizwa ataondoka lini.

Mama alikuwa mtu wa masikio. Alipokuwa ameketi barazani aliweza kusema, kwa mlio wa mchi peke yake, ni nani anatwanga na kama amegombana na mumewe. Kanisani alisimama mstari wa mbele wa kwaya, na mwalimu wa kwaya alipopoteza sauti alimtazama yeye, naye akaianzisha kwa upole, na watu sitini wakarudi njiani. Sisi watoto tuliona ni kitu cha kawaida. Mtu huzaliwa na mama na hudhani mama wote wako hivyo.

Kabla ya kuolewa mama alikaa miaka miwili mjini kwa shangazi yake, upande wa Kitete. Kila alasiri akitoka kisimani alipita chini ya dirisha la nyumba moja ambako gramafoni ilikuwa ikipigwa, na siku moja alisikia wimbo wa mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa anawauliza wasafiri, mmoja baada ya mwingine, kama wamemwona mtu wake huko njiani. Kila msafiri alipojibu hapana, yeye aliuliza tena, kwa sauti nyepesi ya haraka, ya mtu anayekimbia kando ya msafara asiachwe. Mama alisimama na mtungi kichwani mpaka wimbo ukaisha, maji yakimchuruzika shingoni. Hakuusikia tena. Hadithi hii alitusimulia kila tulipobangua karanga, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba akimsikia yule mwanamke mara moja tu, hatataka kitu kingine cha mjini.

Baba aliisikiliza hadithi hiyo karibu miaka ishirini bila kusema neno. Kisha ukaja mwaka ambao maua ya porini yalichanua mpaka hewa yenyewe ilikuwa na utamu, na mizinga ikajaa. Baba akapakia nta yake kwenye lori akaenda mjini. Alirudi baada ya siku nne, ameketi juu kabisa ya magunia, amepakata sanduku jeusi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alishuka, akaliweka mbele ya mama, akasema, "Mwanamke wako yumo humu."

Alitueleza kidogo kidogo alivyolinunua. Mwenye duka alimpigia wimbo wa Kihindi kwenye gramafoni iliyokuwa dirishani, ukatoka vizuri, safi kama maji. Baba akasema anataka moja ya namna ile, na santuri ya mwanamke anayewauliza wasafiri. Mwenye duka akatafuta, akampa santuri yenye maandishi ya Kiarabu ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma, na gramafoni akamtolea nyingine ya nyuma, bado imefungwa. Ile ya dirishani, alisema, ni ya maonyesho.

Sasa, kwetu kitu kipya hakifunguliwi peke yako. Kama ni jembe au blanketi, majirani huitwa, huandaliwa karanga na togwa, na kitu hufunguliwa mbele ya macho ya wote, ili baadaye asiwepo wa kusema kimeibwa au kimetoka kwa mganga. Ni desturi nzuri. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba kama umeuziwa kitu kibovu, kijiji kizima kitakuwa kimeketi kukushuhudia.

Watu walijaa uani. Baba akazungusha mpini wa kutia nguvu, akaiweka santuri, akateremsha sindano kwa vidole vilevile alivyotolea nyuki ndani ya sikio la mtoto. Palisikika mchakacho, kisha sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya mwanamume. Alikuwa anawauliza wasafiri kama wamemwona mtu wake, maneno ni yaleyale, lakini polepole, kwa kina, kana kwamba anauliza huku amejitwisha kitu.

Mama alisimama. "Huyu siye," alisema.

Kila mtu alimsikia. Baba alimtazama, akawatazama watu na karanga mikononi mwao, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele za watu. Alicheka. "Mama huyu alisikia kwa mbali, tena zamani," alisema. "Wimbo ni ule, mwimbaji ndiye aliyemkosea. Kichwa kimemchanganya." Na watu nao wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakiwa wamealikwa. Mama alichukua mtungi akaenda kisimani. Mtungi ulikuwa umejaa, ilibidi aumwage kwanza nyuma ya nyumba.

Labda mambo yangeishia hapo, kama si mzee jirani yetu. Huyu alikuwa mpagazi ujanani, alibeba mizigo kutoka huku hadi pwani na kurudi, na begani alikuwa na kibonde ambacho tulipokuwa wadogo alituruhusu kutia ngumi. Alikuwa ameketi kimya tangu mwanzo. Baba alipoirudia santuri, mzee aliinuka, akaegemea fimbo, akaanza kutembea kuvuka ua. Mguu wake ulikanyaga pale sauti ilipokanyaga. Alifika ukingoni, akageuka, akarudi, na uso wake ulikuwa haupo pale uani kabisa.

"Huyu anaimba mwendo wa mzigo," alisema. "Nani aliyemfundisha?"

Wazee wengine wawili wakainuka. Wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine, mabega yameinama upande mmoja, mikono imeshika hewa pale ambapo zamani palikuwa na mzigo. Walitembea kwa kuchelewa, mguu ukikaa juu kidogo kabla ya kutua, vumbi likipanda mpaka magotini. Vijana waliacha kutafuna. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeshachumbiwa, na niliwaona babu zetu wakipita mbele yangu mchana kweupe, wakielekea kule jua linakotoka.

Basi ikawa ngoma yetu. Kwa wiki chache tu kila mtu kijijini alikuwa anaijua, na baada ya mavuno tulipokutana na kijiji cha jirani kushindana, kama ilivyokuwa ada ya kila mwaka, sisi tulikwenda na gramafoni. Wenzetu walikuja na njuga na ngoma zao za kurukaruka. Sisi tukaja taratibu, safu ndefu, na watazamaji wakaanza kutuhamia mmoja mmoja mpaka upande wa wenzetu ukabaki mtupu. Baba alizungusha mpini siku ile kwa heshima ya mtu anayeendesha treni. Hakuna mtu Ipole ambaye angethubutu kumwambia kwamba kitu chake kina kasoro.

Mama hakucheza hata siku moja. Sanduku lilipofunguliwa alichukua jembe. Hakugomba wala hakununa, alipika na kucheka kama kawaida, lakini wimbo ule haukupita mdomoni mwake, yeye ambaye aliimba hata akichambua mchicha. Nikadhani ataizoea. Kisha Jumapili moja kanisani sauti ilipotea, mwalimu wa kwaya akamtazama kama siku zote, na mama akatazama chini. Tulisimama watu sitini tukisikiliza njiwa juu ya paa. Mwalimu alijaribu mwenyewe, akaianzisha juu mno, na tukaimba ubeti wote kama watu wanaokabwa.

Jumatatu asubuhi mama aliifunga gramafoni ndani ya kanga, akajitwisha. Mimi akanipa santuri, nimeizungushia gauni langu la Jumapili. Baba alikuwa anasuka kamba ya mzinga mlangoni. Aliuliza tunakwenda wapi, mama akamwambia, "Dukani." Baba aliendelea kusuka.

Kando ya barabara tukakutana na mzee mpagazi, ametoka kuswaga mbuzi. Mama akapiga goti kidogo, na mzigo wake kichwani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Naona unakwenda nayo."

"Nakwenda nayo."

Mzee alilitazama lile furushi muda mrefu. "Mwendo ule nilidhani nitazikwa nao, asiujue mtu," alisema. "Usiuache mjini."

"Mimi nakwenda kumtafuta mwanamke wangu, baba. Mwendo wenu sikuugusa." Lakini mzee alibaki amesimama mbele yetu, nami nikamwonea huruma mama yangu, maana mtu anayedai haki yake mara nyingi huwakuta wapendwa wake wamesimama mlangoni.

Lori lilipowashwa, baba alitokea ametupa kamba zake, akaparamia kwa nyuma, akaketi upande wa pili wa magunia ya tumbaku. Tulikwenda hivyo, mama na mimi huku, baba kule, na pori likipita polepole pande zote, miti ileile tena na tena, mpaka nikawa sijui kama tunakwenda au miti ndiyo inayokwenda. Katikati ya usingizi ule mama aliniinamia sikioni.

"Nikifika nikakuta ni mwanamume kweli," alisema, "basi sijui ni mangapi mengine niliyasikia vibaya maisha yangu yote. Sitajua hata kama baba yako aliniita, au nilidhani tu."

Niliishika santuri kwa mikono miwili na kuomba Mungu awepo mwanamke.

Duka lilikuwa na harufu ya bizari, mafuta ya taa na vitambaa vipya. Mwenye duka alikuwa Mhindi mwembamba mwenye miwani, mpole wa sauti, anayekunja karatasi ya kufungia sukari kwa ustadi ambao ningeweza kuutazama siku nzima. Alimtambua baba mara moja, akauliza habari za nyuki. Mama alitua furushi juu ya kaunta, akalifungua.

"Bwana, hii imeharibika. Inamfanya mwanamke awe mwanamume."

Mwenye duka aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akazungusha mpini, akaweka santuri. Yule mwanamume wetu akaanza kuimba katikati ya magunia ya mchele, na mimi, kwa aibu yangu, mguu wangu ukaanza kumfuata.

"Inaimba, mama," mwenye duka alisema. "Wataka nini zaidi?"

"Nataka aimbe mwenyewe."

"Labda mmesogeza hiki." Alikuwa na maana ya kijiti kidogo kando ya sahani, cha kuongeza au kupunguza mwendo. Alikisukuma mpaka mwisho. Mwanamume hakujali. Alikirudisha, akakisukuma tena, na safari hii nilimwona akikiangalia kwa namna nyingine, namna ya mtu anayejua chombo chake. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na dukani palikuwa na wateja.

Mmoja wa wateja hao alikuwa karani wa mahakama, ananunua vifungo vya koti. Kalamu mfukoni, viatu vinang'aa, na alikuwa mmoja wa wale watu ambao huwezi kuwaambia habari za mvua wasikueleze sheria yake. Siku ile nilimpenda. Alisogea, akasema, "Ile ya dirishani ipo. Si uiweke santuri hiyohiyo kule, tusikie?"

"Itaharibu sindano, bwana karani."

"Sindano ninainunua mimi."

Mwenye duka akaitoa ile ya maonyesho, akaipangusa vumbi. Akateremsha sindano. Palisikika mchakacho, na mwanamke akatoka.

Alitoka mwepesi, wa haraka, anaishiwa pumzi kidogo, akiwauliza wasafiri kama wamemwona mtu wake. Alikuwa kijana kuliko nilivyomwazia. Vitu vyote dukani vilionekana kumsikiliza, mizani, mishumaa, kanga zilizoning'inia kwenye kamba. Mama aliketi juu ya gunia la chumvi bila kuliangalia, mikono imelala mapajani. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inatamka kila neno kabla halijaimbwa, maneno aliyoyashika akiwa msichana chini ya dirisha.

Wimbo ulipoisha mwenye duka alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kweli. "Ile ina kasoro. Springi yake imechoka, au mafuta yameganda. Ilikuja hivyo ndani ya sanduku, mimi sikujua." Akakohoa. "Lakini mama, mmekaa nayo tangu kabla ya mavuno. Mtu akinunua mkate akala nusu, aurudishe? Mkikaa na mali mkaitumia, mmeikubali. Hiyo ndiyo sheria, muulize bwana karani."

Karani alikunja uso kwa furaha. "Sheria ya kuuziana mali ina mambo mawili hapa," alisema, na akaviweka vifungo vyake chini ili apate mikono. "La kwanza, ukionyeshwa mali ya mfano ukapewa nyingine, uliyopewa sharti ilingane na ile ya mfano. Hii hailingani, tumesikia sote. Hapo mama ana haki. La pili ni hilo la mkate. Mnunuzi akiona kasoro, akanyamaza, akaendelea kutumia, sheria itasema ameridhika. Hapo mwenye duka ana haki. Kwa hiyo swali ni moja. Kuna mtu aliyeikataa mali hii mapema?"

"Mimi," mama alisema. "Siku ya kwanza."

"Ulimwambia nani?"

"Mume wangu."

"Yeye ndiye mnunuzi. Naye alisemaje?"

Mama hakujibu. Aliangalia mikono yake. Nikaelewa kwamba hatajibu, hata ikibidi tuondoke na lile sanduku bovu, kwa sababu jibu lilikuwa la kumwaibisha mumewe mbele ya watu, na yeye hangefanya hivyo, ingawa yeye mwenyewe alifanyiwa. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, kisha nikamwona baba amevua kofia.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, mtu wa porini ndani ya duka, na watu wote wamegeuka kumtazama. Alianza kwa sauti ndogo mpaka karani akamwomba arudie.

"Alisema siku ya kwanza," baba alisema. "Wimbo haujafika hata nusu, alisimama akasema huyu siye. Nami nilijua. Si kwamba nilimjua huyo mwanamke. Nilijua kwamba mke wangu akisema jambo la sauti hakosei. Nimeishi naye miaka ishirini, hajakosea. Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu, nikaogopa wataniona nimeuziwa kitu kibovu. Nikasema kichwa kimemchanganya. Watu wakamcheka." Alizungusha kofia mikononi. "Kichwa chake hakikuchanganyika. Andika hivyo kama kuna pa kuandika."

Hapakuwa na pa kuandika. Palikuwa na nzi juu ya sukari guru, na karani wa mahakama ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na kifungu cha sheria. Mama alimtazama baba kutoka pale juu ya gunia la chumvi, na nilivyomwona akimtazama, mimi niliyekuwa mchumba wa mtu, niliamua moyoni nitamdai mume wangu jambo moja tu, kwamba akinikosea mbele za watu, akiri mbele za watu.

Mwenye duka aliifunga ile ya dirishani kwa mikono yake mwenyewe. Aliongeza kijikasha cha sindano bila kuombwa, na mama alipomshukuru alisema, "Na mimi nimempenda huyu mama anayeimba." Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, basi.

Turudi Ipole. Kama desturi inavyotaka, majirani waliitwa, karanga zikakaangwa upya, na ile gramafoni mpya ikafunguliwa mbele ya macho ya wote. Baba alisimama kwanza akarudia maneno yake ya dukani, yote, hata lile la kucheka. Hakuna aliyemlazimisha. Kisha mwanamke akaimba. Watu walitikisa vichwa, wakasema kumbe, kumbe, na wanawake wawili watatu wakamwomba mama radhi kwa kumshika mkono tu.

Wazee wakainuka kucheza. Mzee mpagazi aliweka mguu wa kwanza, wa pili, na mwanamke akamwacha. Alijaribu tena, akaharakisha, fimbo ikagonga mguu wa mwenzake. Akasimama katikati ya ua, anahema, mikono bado imeshika mzigo usiokuwepo.

"Huyu mama anaimba vizuri," alisema. "Lakini hana mzigo."

Akageuka kwenda kuketi. Vijana nao wakakaa. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshinda, na wote walijua ameshinda, na ngoma ya kijiji ilikuwa imelala chini katikati ya ua wetu. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya gramafoni, mkono kwenye mpini, hajui azungushe au afunge.

Mama aliinuka. Akapiga magoti upande wa pili wa sanduku, mbele ya baba, akaiinua sindano na kuirudisha mwanzo. Wimbo ulipoanza alinyoosha kidole cha shahada, akakigusisha ukingoni mwa santuri inayozunguka, taratibu sana. Mwanamke akaanza kuchelewa. Akashuka, akashuka, akawa mzito, na pale pale mama alipoinamisha sikio, akasikia alichokitafuta, akakituliza kidole. Yule mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa akaanza kuwauliza wasafiri. Mzee mpagazi aligeuka kabla hajakaa.

Walitembea mpaka jua likakaa juu ya miti. Baba alizungusha, mama akashika, na haikutetereka hata mara moja, kwa sababu hakuna mtu Ipole mwenye sikio la kuushika mwendo ule isipokuwa yule aliyeukataa. Jumapili iliyofuata sauti ilipopotea kanisani, alituanzishia kabla mwalimu hajamtazama.

Nilipomwosha mama yangu kwa mara ya mwisho, miaka mingi baadaye, nilikigeuza kile kidole nikatazama. Ncha yake ilikuwa imelainika, haina mistari ile ambayo watu wote wanayo. Baba alikuwa mlangoni, mzee sana. Aliniomba nimwachie akioshe yeye.